Louisville, Kentucky: Mji wa Mfalme Asiyewahi Kuuona

Nimeandika simulizi hii baada ya kurudi Tanga, daftari mkononi na picha za simu pembeni. Nilikuwa Chicago kwa shemeji yangu, na kwa kuwa nimefundisha historia sekondari kwa miaka mingi, nikaaga nishuke kusini hadi Louisville. Jina hilo lilikuwa limenikaa rohoni kila nikitazama ramani ya Marekani. Nchi ilipigana kumkataa mfalme, kisha ikaupa mji wake jina la mfalme mwingine. Nilitaka kujua ilikuwaje, na hao waliotoa jasho kuujenga mji majina yao yako wapi.

Alhamisi, 14 Septemba 2023. Chicago hadi Louisville

Tiketi ya basi dola 52, kama shilingi 130,000 za kwetu. Tuliambiwa tuondoke saa mbili asubuhi. Tumeondoka saa tano kasorobo, na hakuna aliyetupa sababu. Abiria walikaa chini ya ukuta, watoto wakilia. Mzee mmoja Mmarekani mweusi, anayerudi kwao Kentucky kumzika dada yake, aliona simu yangu imekufa, akanipa chaja yake na nusu ya mkate wake wenye samaki. Nikampa pole ya msiba, tukaanza mazungumzo.

Nilipotamka "Luisvil" alitikisa kichwa kwa upole. "Sema Luavul," akanifundisha, mara tatu au nne, mpaka akaridhika. Herufi ya s hawaigusi, kwa sababu Wafaransa wenyewe hawaitamki katika jina Louis. Kuna Louisville nyingine, jimbo la Colorado, ambako s inatamkwa kabisa. Ile imepewa jina la Louis mwingine, mtu wa migodi ya makaa ya mawe wa karne ya 19. Ukitamka hivyo Kentucky watajua mara moja kwamba u mgeni.

Indiana ni mahindi, soya na mitambo ya upepo, saa baada ya saa. Nililala.

Kwa atakayefuata njia hii: Chicago na Louisville hazitumii saa moja. Ukielekea kusini unapoteza saa nzima, kwa hiyo ukipanga kupokelewa na mtu, mwambie saa ya Louisville. Mwenyeji wangu alinisubiri kwa sababu nilisahaulishwa hilo na kuchelewa kwa basi, na hakunung'unika.

Tulivuka mto Ohio juu ya daraja la Kennedy jua likizama. Mto ni mpana, rangi ya chai ya maziwa. Chumba nilichopata kilikuwa ndani ya nyumba ya matofali mekundu mtaa wa Old Louisville, dola 65 kwa usiku. Ghali kwangu, lakini mwenye nyumba aliniachia jiko nitumie, na hilo liliokoa pesa nyingi.

Ijumaa, 15 Septemba. Mtoni

Nilianzia mtoni, kwa sababu kabla ya jina kulikuwa na mto. Ohio unatoka Pittsburgh na kwenda kuingia Mississippi pale Cairo, Illinois, zaidi ya kilomita 1,500, na katika urefu wote huo palikuwa na mahali pamoja tu ambapo mwamba ulizuia mashua: maporomoko ya Ohio, hapa hapa. Usitegemee kuona kitu kama Victoria. Maji yalikuwa yakishuka kama mita 8 tu, katika mwendo wa kilomita 3 hivi, juu ya mawe. Lakini kwa mashua iliyojaa mizigo, hiyo ilitosha kuipasua.

Nilivuka kwa miguu kwenye daraja la Big Four, la reli, lililofunguliwa 1895 na sasa ni la watembea kwa miguu na baiskeli. Halina malipo. Ng'ambo ni Jeffersonville, jimbo la Indiana, jina la Thomas Jefferson. Kutoka pale nilifuata njia ya kando ya mto, kama saa nzima ya kutembea, hadi Clarksville na hifadhi ya maporomoko. Jua lilikuwa kali. Mama mmoja aliyekuwa akimwagilia maua aliniita akanijazia chupa yangu maji ya baridi kutoka jikoni kwake, akaniuliza natoka wapi, akasema Tanzania amewahi kuisoma kwa ajili ya Kilimanjaro.

Septemba ndiyo wakati mzuri. Kuanzia Agosti hadi Oktoba maji hupungua na mwamba hujitokeza. Kituo cha maelezo kina kiingilio, ila kushuka mwambani sikulipa kitu. Vaa viatu vyenye soli ya kushika; mawe yana utelezi.

Nilichuchumaa pale chini kwa muda mrefu. Mwamba mzima umejaa viumbe vya bahari ya joto iliyokuwa hapa miaka milioni 390 iliyopita: matumbawe yenye umbo la pembe ndogo, urefu wa kidole cha shahada, yamelala upande na mistari yao ya ndani ukiiona wazi kana kwamba imechongwa jana. Sisi watu wa pwani tumekanyaga matumbawe tangu utotoni. Kuyakuta katikati ya bara la Amerika, mamia ya kilomita kutoka bahari yoyote, kulinifanya nimpigie picha shemeji yangu hadi simu ikajaa. Ni marufuku kuondoka na hata kipande kimoja, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Mwamba huo ndio ulioleta kila kitu. Maji yalipokuwa machache, makundi ya nyati wa huko yalivuka hapa, yakaacha njia pana iliyokwenda magharibi hadi Vincennes, nayo njia hiyo watu wakaifuata. Wenyeji wa asili waliwinda katika nchi hii na kuvuka mto huu karne nyingi. Jina Ohio lenyewe limetoka kwa Waseneca. Kisha wakaja walowezi. Tarehe 27 Mei 1778 George Rogers Clark, ofisa wa jeshi la Virginia mwenye miaka 25, alitua na askari wake pamoja na walowezi wapatao 60 kwenye kisiwa kidogo kilichokuwa juu ya maporomoko. Walowezi wakapanda mahindi, kisiwa kikaitwa Corn Island, yaani Kisiwa cha Mahindi. Clark akawafunza askari wake palepale, mbali na macho ya watu, na tarehe 24 Juni wakateremka maporomoko kwa mashua huku jua likipatwa. Siku kumi baadaye waliuteka mji wa Kaskaskia, upande wa Illinois, ambako wakazi walikuwa Wafaransa chini ya utawala wa Waingereza.

Nilikitafuta kisiwa kwa macho. Hakipo. Kimeliwa na mto, kimechimbwa mawe, na bwawa lililojengwa baadaye limefunika kilichobaki. Mahali pa kwanza pa mji huu pako chini ya maji.

Walowezi walihamia nchi kavu mara baada ya hapo, na mji ukakua kwa kazi moja: kupakua na kupakia. Mashua zilizotoka juu zilisimama, mizigo ikashushwa, ikabebwa kwa mikokoteni hadi chini ya maporomoko, ikapakiwa tena. Hata mfereji ulipofunguliwa mwaka 1830 na vyombo vikaanza kupita bila kushusha, mji ulikuwa umeshajaa maghala, wachukuzi na wafanyabiashara. Wengi wa hao wabebaji walikuwa watumwa. Mto huu ulikuwa mpaka: upande wa kusini utumwa ni halali, upande wa kaskazini siyo. Na kutoka gati za Louisville watu waliuzwa na kusafirishwa kwa meli hadi mashamba ya pamba ya kusini, wakitenganishwa na wake, waume na watoto. Nilirudi kwa daraja lilelile, lenye urefu wa mita mia saba na kitu kutoka ukingo hadi ukingo, na nilitembea taratibu. Kuna waliotazama ukingo ule wa Indiana maisha yao yote wasifike.

Chakula cha jioni: wali, maharage na kachumbari, nilipika mwenyewe. Dola 6 vitu vyote.

Jumamosi, 16 Septemba. Mjini, kumtafuta Louis

Basi la mjini ni rahisi, lakini uwe na pesa kamili, dereva harudishi chenji. Nilishuka karibu na mtaa wa Jefferson, kwenye jengo la zamani la mahakama, ambapo sasa kuna ofisi za serikali ya mji. Hapo ndipo sanamu ya Mfalme Louis XVI ilipokuwa. Nilikuta mfalme hayupo.

Habari yake naieleza kwa urefu, maana ndiyo iliyonileta.

Mwaka 1778, miezi michache kabla Clark hajafika kwenye kisiwa, Ufaransa ilitia saini mkataba wa ushirika na Wamarekani dhidi ya Uingereza. Pesa, meli na askari wa Louis XVI ndivyo vilivyogeuza vita. Kentucky wakati huo ilikuwa sehemu ya Virginia, na mwaka 1780 Baraza la Kutunga Sheria la Virginia likaanzisha rasmi mji penye maporomoko, eka 1,000, na kuuita Louisville kwa heshima ya mfalme huyo. Eka zenyewe zilikuwa za John Connolly, mtu aliyebaki mtiifu kwa mfalme wa Uingereza; zikachukuliwa, zikapewa jina la mfalme wa Ufaransa. Shukrani hiyo imetapakaa jimbo zima. Kuna wilaya ya Fayette, kwa ajili ya Jenerali Lafayette. Kuna wilaya ya Bourbon, jina la ukoo wa Louis, na makao makuu yake yanaitwa Paris. Kuna Versailles. Hata Nashville ya Tennessee ilianza kwa jina la Nashborough, kwa mtindo wa Kiingereza, kisha 1784 wakabadilisha mwisho wake ukawa wa Kifaransa.

Januari 1793 Wafaransa walimkata kichwa Louis. Mji wa kando ya Ohio ulibaki na jina lake. Kwa maoni yangu hapo ndipo jina lilipoacha kuwa la mtu na kuwa la mahali, kwa sababu aliyetoa heshima na aliyepewa wote walikwisha kuwa kitu kingine: Kentucky ilishakuwa jimbo lake lenyewe tangu 1792, na Ufaransa ilishakuwa jamhuri.

Sanamu nayo ina safari yake. Ilichongwa Ufaransa kwa marumaru mwaka 1829, kwa kumbukumbu aliyoitaka binti yake mfalme, ikasimamishwa Montpellier. Mwaka uliofuata yakaja mapinduzi mengine, ikafichwa ghalani, ikakaa huko zaidi ya karne. Montpellier na Louisville walipokuwa miji ndugu, Wafaransa wakaitoa zawadi, na mwaka 1967 ikasimama hapa mbele ya mahakama. Kisha Machi 2020 polisi wa mji huu walimuua Breonna Taylor, dada wa miaka 26, nyumbani kwake usiku. Watu walijaa barabara hizi. Usiku mmoja wa mwisho wa Mei kiganja cha mfalme kilivunjwa, na Septemba mji ukamwondoa akarudi ghalani.

Nilikaa kwenye benchi ng'ambo ya barabara, katika bustani ya Jefferson Square ambayo ndiyo ilikuwa kitovu cha maandamano yale. Kijana mfanya usafi aliketi kula chakula chake, nikamuuliza kama anamkumbuka mfalme. Alisema alipita mbele yake tangu akiwa mtoto na hakuwahi kusoma ni nani, ila jina la Breonna hatalisahau.

Ukishuka hadi Belvedere, uwanja ulio juu ya mto, kuna sanamu mbili za kutazama pamoja. Moja ni ya George Rogers Clark. Nyingine, kazi ya mchongaji Ed Hamilton wa hapa hapa Louisville, iliyozinduliwa 2003, ni ya York. York alikuwa mtumwa wa William Clark, mdogo wake George. Oktoba 1803 Meriwether Lewis, kiongozi wa msafara wa kuipeleleza nchi ya magharibi, alikutana na William Clark hapa kwenye maporomoko, wakaondoka kuelekea bahari ya Pasifiki, na York akaenda nao, akabeba, akawinda, akauguza wagonjwa, akarudi. Wenzake walilipwa pesa na ardhi. Yeye hakupata kitu, na alipoomba uhuru, au walau aachwe Louisville karibu na mke wake ambaye alikuwa mtumwa wa mtu mwingine, Clark alikasirika. Barua za Clark mwenyewe zipo. Mwaka 2001 Rais Clinton alimpa York cheo cha sajenti wa heshima. Nilisimama pale mpaka watalii wengine wakaondoka.

Mchana nilikwenda Kituo cha Muhammad Ali, umbali wa kutembea. Kiingilio karibu dola 20. Tenga saa tatu, na angalia siku za kufungua kabla hujakwenda, maana hakifunguliwi kila siku. Ali alizaliwa hapa 17 Januari 1942, akaitwa Cassius Marcellus Clay kama baba yake, jina lililotoka kwa mzungu wa Kentucky aliyepinga utumwa. Mwaka 1964 akaliacha. Mji ulichukua muda kulikubali jina jipya. Mwaka 1978 mtaa wa Walnut ukaitwa Muhammad Ali Boulevard, lakini maduka, vilabu na ofisi za watu weusi zilizoufanya Walnut kuwa Walnut zilikuwa zimeshabomolewa kwa jina la maendeleo ya mji. Nimeutembea: maegesho ya magari na majengo makubwa. Jina zuri limewekwa juu ya mahali palipoondolewa watu wake, na hilo liliniuma.

Msomaji wa Tanzania mwenye umri wangu atakumbuka Februari 1980, Rais Carter alipomtuma Ali Dar es Salaam kutushawishi tususie Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye. Waandishi wetu walimuuliza Marekani ilikuwa wapi mwaka 1976, Afrika iliposusia Montreal kwa ajili ya Afrika Kusini, naye alikiri kwamba hakuelezwa habari hiyo. Tukaenda Moscow, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha. Kenya haikwenda. Nilimsimulia mlinzi wa ghorofa ya pili kisa hiki, akawaita wenzake wawili waje wasikilize.

Jumapili, 17 Septemba. Kusini mwa mji

Mwenyeji wangu alinielekeza kwa jirani ambaye husali na Wakongomani upande wa kusini. Nauli ya teksi dola 17. Ibada ilikuwa ya Kiswahili kuanzia wimbo wa kwanza. Baada ya ibada mama mmoja mtu mzima alinishika mkono. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kusita.

"Papa, uko mtu wa Tanzania? Sisi tulikaa kwenu."

Ametoka Uvira, akaishi kambi ya Nyarugusu, Kasulu, miaka mingi. Watoto wake wadogo wamezaliwa huko. Alinipeleka nyumbani kwake bila kuniuliza kama nina nafasi. Tulikula bugali, sombe (kisamvu chetu) iliyotwangwa na kupikwa kwa mawese, na ndagala, yaani dagaa, waliokaangwa mpaka wakalia mdomoni. Sombe anaipata ikiwa imegandishwa, kwenye duka la vyakula vya Kiafrika. Ndagala huletewa na ndugu. Nilitoa noti ya dola 20, akairudisha mfukoni mwangu kwa mkono wake mwenyewe.

Mwanawe wa kwanza alikuwa amelala chumbani. Anafanya kazi usiku katika kituo cha mizigo cha UPS, kampuni ya kusafirisha vifurushi, uwanja wa ndege, kinachoitwa Worldport: ndege zinatua usiku, vifurushi vinashushwa, vinapangwa, vinapakiwa kwenye ndege nyingine, alfajiri zinaruka. Alipoamka na kunielezea kazi yake nilifunga daftari nikamtazama. Ni kazi ileile ya pale mtoni ya zaidi ya miaka 200 iliyopita, kupakua na kupakia, sasa inafanywa na kijana wa Uvira kwa mshahara na bima. Na uwanja wenyewe tangu 2019 unaitwa Muhammad Ali, ingawa kwenye lebo ya mzigo utaona bado herufi SDF za jina la zamani, Standiford Field.

Wadogo zake wanatamka "Luavul" kama yule mzee wa kwenye basi. Niliwauliza kama wanajua limetoka wapi. Binti wa darasa la nane alijua, mfalme, Ufaransa, vita, kila kitu. Mama yake alisikiliza, kisha akauliza: "Huyo mfalme alikuja hapa?" Hapana. Akacheka, akaniongezea sombe.

Jumatatu, 18 Septemba. Cave Hill, kisha barabara

Asubuhi nilikwenda makaburi ya Cave Hill. Kuingia ni bure, lango hufungwa kabla ya saa kumi na moja jioni, na ni pakubwa kiasi cha kupotea. Omba ramani ofisini. Hapa wamelala George Rogers Clark na Muhammad Ali.

Kaburi la Clark ni jiwe dogo kati ya mawe ya ndugu zake. Alikufa 1818 akiwa maskini: vita alivyopigana kwa niaba ya Virginia alivigharimia kwa kukopa, Virginia haikumlipa madeni yale akiwa hai, na yakamfilisi. Serikali iliyoona vema kumshukuru mfalme wa mbali kwa kumpa mji haikumlipa mtu aliyeuanzisha. Nasema hivi nikikumbuka pia kwamba alimiliki watumwa na alichoma vijiji vya Washawnee. Yote mawili ni kweli. Kaburi la Ali lina mabenchi na maua mabichi, na familia ya Kisomali ilikuwa ikisoma dua. Nikasimama nyuma yao, nikaitikia amina.

Basi la kurudi dola 48, na liliondoka kwa wakati. Mama wa Uvira alikuwa amemtuma kijana wake, kabla hajaingia kazini, aniletee chapati ndani ya karatasi ya kung'aa. Nilizila Indiana.

Sikufika Locust Grove, shamba la dada yake George Rogers Clark nje kidogo ya mji, ambako George mwenyewe aliishi miaka yake ya mwisho na kufia. Liko wazi kwa wageni. Atakayekwenda aulize habari za watumwa waliolima pale na majina yao, na atuandikie.